Dumu la Shangazi Dorcas

Generosa alikuwa bado anajifunza kazi ya ulinzi katika stendi ya mabasi ya Kasulu. Sare ilimpwaya mabegani. Kofia ilimshuka mpaka kwenye nyusi, na wapiga debe hawakumwacha.

"Afande, leo kofia imekuruhusu kuona njia?" aliuliza Badru, mpiga debe wa basi la Kibondo.

"Nakuona wewe, na hunipendezi," alijibu Generosa. Wote wakacheka.

Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa basi na kukagua mizigo kabla abiria hawajapanda. Aliyemfundisha ni Ghati, mama mrefu aliyehamia Kasulu kikazi kutoka Mara. Ghati alikuwa amekwisha jifunza Kiha cha kusalimia na Kiha cha kugombeza, na cha kugombeza alikijua zaidi.

"Mzigo usiofunguliwa haupandi," Ghati alikuwa akimwambia. "Awe mchungaji, awe mwenyekiti wa kijiji, awe nani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

Asubuhi moja ya kiangazi, basi la Kibondo lilikuwa linapakia. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Generosa alifungua begi la mwalimu, akafungua kiroba cha maharage, akafungua sanduku la fundi cherehani. Alipoinua macho, mbele yake alisimama shangazi yake, Dorcas, aliyetoka Heru Juu.

Dorcas ndiye aliyemlea Generosa tangu mama yake mzazi alipofariki. Alimlisha, akamsomesha, akamchapa alipostahili. Leo alivaa kitenge kipya. Kichwani alibeba furushi la nguo, na mkononi dumu la njano lililofungwa vizuri kwa khanga. Mdomo wa dumu ulizibwa kwa majani ya mgomba yaliyosokotwa. Mawese yalikuwa yamechuruzika ubavuni, na harufu yake ilimfikia Generosa.

"Mwakeye, mwana wanje!" Dorcas alimsalimia mwanawe kwa Kiha. "Dada yako Rosa amejifungua. Mtoto wa kiume. Nakwenda kumpongeza."

"Oo, shangazi! Hongera sana!"

Generosa alikagua furushi, kisha akalitazama dumu. Mkono wake ulikwenda kwenye fundo la khanga, kisha ukarudi. Kwao mzigo wa kumpongeza mzazi hufungwa nyumbani, na hufunguliwa mbele ya mzazi mwenyewe. Kuuchungulia njiani ni utovu wa adabu. Na achungulie nani? Mtoto aliyelelewa na mama huyu huyu?

"Mawese ya mzazi hayo," alisema Generosa mwenyewe. "Panda, shangazi. Usisimame jua likikuunguza."

Dorcas alicheka, akapanda. Dumu likaingia chini ya kiti.

Basi lilijaa. Dereva alichelewa kuja. Jua lilipiga bati la basi, na ndani joto likapanda. Mtoto mmoja akaanza kukohoa. Mwingine akatapika.

"Kuna harufu humu," alilalamika mwanamke mmoja. "Kichwa kinaniuma."

"Stendi hii, mama," Badru alimjibu. "Ulitaka inukie maua?"

Ghati alipanda ngazi za basi. Alisimama na kunusa. Uso wake ukabadilika. Akashuka haraka na kumshika Generosa bega.

"Kuna mzigo ambao hukuufungua?"

Dereva alikuwa anakuja, ufunguo mkononi. Chini ya mlango wa basi, Shamsi, muuza mahindi, alikuwa anapepea jiko lake la mkaa. Generosa aliona aibu. Aliogopa kufukuzwa kazi. Aliogopa kumwaibisha shangazi yake mbele ya watu.

"Generosa! Nakuuliza!"

"Upo," alisema. "Dumu la shangazi yangu. Ni mawese tu, afande."

"Uliyaona?"

"Sikuyaona."

"Dereva, usiwashe gari!" Ghati alipaza sauti. "Shamsi, ondoa jiko! Abiria wote shukeni. Mizigo iacheni. Mtu asiwashe chochote, asipige simu. Shukeni polepole, mbebe watoto."

Watu walishuka wakinung'unika. Dorcas alishuka mwisho. Generosa alimshika mkono.

Badru alitaka kuonyesha ushujaa. Hakungoja kuambiwa. Aliingia ndani, akalichomoa dumu na kushuka nalo mbio. Lilikuwa limevimba kwa joto. Kizibo cha majani kikafyatuka. Kilichomwagika hakikuwa chekundu kama mawese. Kilikuwa chepesi kama maji, na harufu yake ilikata pumzi.

"Petroli!" alipiga kelele Ghati. "Weka chini, kimbia!"

Badru aliliweka na kuruka pembeni. Shamsi alikuwa ameanza tu kulisogeza jiko lake. Aliliacha, akakimbia. Petroli haikuwa imelifikia jiko. Bado palikuwa na nafasi katikati, vumbi kavu tu. Lakini moto uliruka. Watu waliuona ukitoka kwenye mkaa, ukapita juu ya vumbi tupu, ukalimeza dumu. Fooo! Mwali wa moto ukapanda juu kuliko mlango wa basi.

Watu wakapiga mayowe.

Kijana mmoja alikuja na ndoo ya maji.

"Si maji!" Ghati alimzuia. "Maji yanausambaza! Mchanga! Leteni mchanga!"

Palikuwa na lundo la mchanga wa mafundi waliokuwa wakijenga kibanda. Generosa aliukomba kwa karai na kuumwaga. Hakukumbuka kofia wala sare. Ghati alitoa mtungi wa kuzimia moto, akapulizia chini kwenye shina la moto. Moto ukafa. Dumu lilibaki kipande cheusi kilichoyeyuka. Badru aliungua nywele za mkono tu, akawa anautazama mkono huo kana kwamba si wake.

Dorcas alikuwa ameketi chini, mikono kichwani.

"Mana yanje! Mungu wangu! Nilikuwa nimeliweka katikati ya miguu yangu!"

"Mama, kwa nini ulibeba petroli?" Ghati aliuliza, sasa kwa upole.

"Mkwe wangu Raymond ana bodaboda. Kijijini kwao petroli ya chupa inachanganywa na mafuta ya taa, inaiua pikipiki. Akaniomba nimchukulie ya hapa. Nilikuwa na dumu la mawese yaliyokwisha. Nikatia humo. Sikujua, mama. Nilijua moto unataka kuguswa na petroli yenyewe."

"Wengi wanadhani hivyo," alisema Ghati. "Petroli hutoa mvuke. Huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini mpaka ukute moto. Ukiukuta, moto hurudi nao mpaka kwenye dumu. Hata dumu tupu lililokuwa na petroli lina mvuke huo. Kwa hiyo petroli haipandi basi la abiria. Hata chupa moja."

Ghati alilitazama dumu lililoyeyuka.

"Na ungefika salama, mama? Dumu la mawese, jikoni kwa mzazi. Rosa angejuaje? Angelimimina kwenye sufuria juu ya mafiga."

Machozi yakamtoka Dorcas. Kisha akamgeukia Generosa.

"Mwanangu, kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza ningekwambia. Nilikuwa na siri gani?"

Maneno hayo yalimchoma Generosa kuliko moto. Shangazi hakudanganya hata neno moja. Generosa mwenyewe ndiye aliyejibu swali kabla ya kuliuliza.

"Nilikuonea haya, shangazi."

"Haya ya kuniua?"

Generosa alimtazama Ghati, akingoja kuvuliwa sare.

"Ungenificha, ningekufukuza leo," alisema Ghati. "Lakini ulisema. Sasa nenda ukawaambie hao abiria. Kwa Kiha, wasikie vizuri."

Generosa alisimama mbele yao akiwa amejaa vumbi. Aliwaambia kwa Kiha yote aliyoyasikia. Akamaliza: "Mwenye petroli aishushe sasa. Sitamgombeza mtu. Nimekosa mimi kwanza."

Kisha mzee mmoja mwenye koti, Nkunzimana, alipanda ndani, akarudi na chupa mbili za soda alizozifunga ndani ya sweta. Petroli. Mwalimu akaleta galoni dogo alilolificha kwenye ndoo, la jenereta lake. Mwisho kondakta mwenyewe, bila kumtazama mtu, akatoa dumu chini ya kiti cha dereva.

Generosa alizihesabu chupa na madumu. Kwa hiyo hata bila dumu la shangazi, basi hili lingeondoka likiwa limepakia moto.

Petroli yote ilipelekwa mbali, kivulini, pasipo na jiko. Milango na madirisha ya basi yakaachwa wazi mpaka harufu ikaisha. Kila mzigo ukafunguliwa upya. Dorcas alikuwa wa kwanza. Alifungua mafundo ya furushi lake mwenyewe, moja moja, mbele ya Generosa.

"Na Raymond?" Generosa aliuliza.

"Raymond ataendesha pikipiki yake mpaka kituo cha mafuta," alijibu Dorcas. "Kwani haina magurudumu?"

Jioni simu ya Generosa iliita. Kwanza alisikia kitoto kinalia.

"Tumefika, mwanangu," alisema Dorcas. "Sote."

Generosa alijaribu kusema hongera. Akaketi kwenye ngazi ya basi jingine na kulia.