Swali la Oraba

— Kuhusu hayo malori ya Oraba, Mheshimiwa Afedra alisema akikisogelea kipaza sauti, mimi sina lori hata moja kule mpakani. Ni uongo wa wapinzani.

Zuhurah alimtazama bila kupepesa macho. Kipindi chake cha redio cha Jumamosi asubuhi kilikuwa hewani, watu wa miji ya Arua na Koboko wakisikiliza.

— Mheshimiwa, nimekuuliza kuhusu maji ya kule Ludara.

— Eee... maji nayo yapo.

— Malori umeyatoa wapi? Sijakuuliza malori.

Afedra, mgombea wa uchaguzi wa wiki ijayo, akakohoa. Zuhurah akaashiria wimbo uwekwe, akatoka studioni na simu mkononi.

Mwezi mzima wageni walikuwa wakimjia na majibu yaliyokwisha kuiva. Maswali aliwaonyesha watu wawili tu: Phiona, fundi mitambo, na Lukumani, mchumba wake, mwandishi wa redio hiyohiyo kule Koboko. Alimshuku Phiona. Ili apate hakika, jana alimpa Phiona maswali ya Ludara, na Lukumani peke yake akamwandikia swali la malori, alilolitunga mwenyewe huku akichambua mchele. Hapakuwa na malori yoyote.

— Habibti, kipindi kimeisha? Lukumani aliitikia simu yake.

— Bado. Swali la Oraba umempa nani?

— Swali gani?

— Usinifanye mtoto.

— Labda huyo Phiona wako...

— Phiona hakuwa nalo. Ulikuwa nalo wewe tu.

Lukumani akapandisha sauti:

— Ulinitega, Zuhurah? Mimi, mume wako mtarajiwa?

— Nilitaka nikusafishe. Niliomba Mungu mwizi awe Phiona.

— Basi nisikilize. Mwenye redio ni shemeji yake Afedra. Aliniambia mgeni yeyote akiaibishwa, wewe iko nje. Nikampa maswali ili ubaki na kazi. Nilikuwa nakulinda!

— Mbona hukuniuliza?

— Ungekataa!

— Ningekataa, ndiyo. Watu wanapiga kura wiki ijayo, Lukumani. Wanadhani namhoji mtu, kumbe mnaigiza, na mimi ndiye sijui kama ni mchezo.

— Na harusi je? Wazee wamekwisha kaa, wamekubaliana...

— Wazee walikubali mtu wanayemjua. Namba ya studio unayo.

Akakata. Phiona alikuwa amesimama mlangoni.

— Kwa hiyo mwizi nilikuwa mimi?

— Nilidhani hivyo. Nisamehe.

— Nilijua tu. Hata salamu ulikuwa unanipa kama unanikopesha. Ingia, wimbo unakwisha.

Zuhurah akakaa.

— Wasikilizaji, mgeni wetu amejibu swali ambalo sikumuuliza. Alilijua kwa sababu limevuja kutoka humu ndani. Maswali mengine ya mwezi huu nayo yalivuja. Nawaomba radhi. Laini ziko wazi.

— Mama, utajuta, Afedra alinong'ona, akasahau kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi.

Simu ya kwanza iliingia.

— Halo! Mimi iko Oraba, nabadilisha pesa hapa. Hapa hakuna mutu alisema mambo ya malori! Sasa Mheshimiwa, wewe iko na malori?

Phiona alicheka hadi akashika meza. Afedra alivua vifaa vya masikioni na kuondoka bila kuaga.

Simu ya pili. Zuhurah aliitambua namba. Hata hivyo aliuliza kama anavyowauliza wote:

— Jina lako na mahali ulipo?

— Naitwa Lukumani. Niko Koboko. Maswali nilitoa mimi. Mtangazaji hakujua lolote.

— Kwa nini uliyatoa?

— Niliambiwa ni ili mtu ninayempenda asifukuzwe. Na... niliogopa kufukuzwa mimi pia.

Hilo la mwisho hakuwa amelisema kwenye simu yao ya faragha. Zuhurah alilisikia vizuri.

— Ahsante kwa kupiga, alisema. Simu nyingine.

Alipotoka alikuta ujumbe wa mwenye redio: "Wewe na huyo wa Koboko msikanyage tena hapa."

Chini yake, wa Lukumani: "Harusi iko au haiko?"

Zuhurah alisimama barabarani muda mrefu, akifuta alichoandika na kuandika tena. Mwishowe akatuma:

"Njoo Arua, umweleze baba yangu kwa mdomo wako. Akimaliza yeye kukuhoji, nitakuuliza maswali yangu. Sitakuandikia kabla."

Jibu lilifika upesi: "Niko njiani."

Akalisoma mara mbili. Kisha akampigia mjomba wake aliyeko Koboko, kuuliza kama kweli Lukumani ameondoka.