Kipimachuki Kwenye Msiba wa Profesa Tatu

"Kipimachuki hakikosei," Kondo Mindu aliwaambia wageni siku ya uzinduzi. "Siku kikikosea, andikeni neno mjinga kwenye cheti changu, palepale juu ya jina."

Wageni wakacheka. Kipimachuki nacho, kikiwa kimening'inia darini kama kiota cha nyigu, kikawasha taa ya kijani kuonyesha kwamba kimesikia mzaha na kimeuelewa. Hapo makofi yakazidi. Mwaka ule wa 2094, katika Chuo Kikuu cha Kisimajuu, hakukuwa na kitu kilichozungumziwa zaidi ya hicho. Kilikuwa na macho kumi na sita, na masikio sijui mangapi. Kilisikia neno, kikapima pumzi ya aliyelisema, kikasoma ngozi ya uso wa aliyeambiwa, na kabla mtu hajafumba mdomo kilikuwa kimeshaamua kama huo ni mzaha, ni hoja ya darasani au ni chuki ya kikabila. Ikiwa ni chuki, taa iligeuka nyekundu na roboti walinzi wakaja kwa adabu zote kumtoa mhusika.

Na chuo kilikihitaji, tusidanganyane. Idara ya Makabila, Rangi na Tamaduni ilikuwa na wanafunzi elfu tisa: Wamakonde, Wasomali, Wahindi wa kizazi cha nane, Wachina waliozaliwa Kigoma na kuapa kwa Kiha, hata vijana wawili waliozaliwa kwenye kituo cha mwezini, ambao walikuwa bado wanabishana wao ni kabila gani. Watu wa namna hiyo ukiwaweka bweni moja, kuna siku neno litaponyoka. Liliponyoka miaka miwili nyuma, na kijana mmoja akapoteza jicho.

Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwaka wa nne, mwembamba, mwenye mdomo usio na likizo. Ubongo wa mashine yake ulinunuliwa ukiwa tayari. Kazi yake yeye ilikuwa kuulisha, kwa sababu mashine haizaliwi na akili, hupewa sauti za watu mpaka ijue tofauti ya tusi na salamu. Somo gumu kuliko yote lilikuwa utani. Utafundishaje chuma kwamba kuna makabila mawili yaliyokubaliana tangu enzi za misafara kutukanana bila kukasirika, na kwamba mtani akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kufika, umsaidie kuzika na umfanyie vituko mpaka kilio kikatike?

Waliolijua hilo vizuri walikuwa wawili. Wa kwanza ni Profesa Tatu Kibasila, mkuu wa idara na msimamizi wa Kondo, Mzaramo. Wa pili ni Mzee Misigalo Kapembe, Mnyamwezi wa Ndala, ambaye hakuwa na shahada hata moja na chuo kilimwandika kama Mwalimu wa Mila. Kwa miaka arobaini walifundisha utani kwa kutukanana mbele ya darasa. Mzee Misigalo alimwita profesa mtumwa wake. Profesa alimjibu kwamba mpagazi ashushe kwanza mzigo ndipo aongee na watu. Kondo naye, kwa kuwa ni Mzaramo, aliingia humo humo. Kila akipita, mzee alimtuma maji kama mtumwa wa nyumbani, na Kondo alimuuliza bei ya kubebewa begi mpaka Ujiji.

Sasa, kabla ya uzinduzi, Kondo alitumwa Ndala, Unyamwezi, akakae siku arobaini misibani na kinasasauti mfukoni, akusanye utani wenyewe. Akapanda treni ya sumaku, akafika Tabora, akala biriani, akalala siku mbili. Ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna mtu aliyemwambia: ili urekodi msiba, lazima mtu afe. Na watu wa Ndala mwezi ule walikuwa na afya ya kuudhi. Siku ya tatu akarudi Kisimajuu kimyakimya, akajifungia bwenini na wenzake wanne, wakatengeneza misiba thelathini. Mmoja alilia, mmoja alitania, kisha wote wakacheka kwa pamoja mpaka machozi. Ikawa kazi tamu kweli. Akampelekea Mzee Misigalo azikague kama zoezi la darasani, naye akampa alama sabini bila swali.

Hivyo ndivyo kipimachuki kilivyojifunza utani. Kilijua kwamba mtani husema, na mtaniwa hucheka hapohapo. Pasipo kicheko, hapana utani.

Wiki tatu baada ya uzinduzi, Profesa Tatu alifariki. Alilala mchana kidogo kabla ya kipindi na hakuamka. Chuo kikamuaga katika Ukumbi Mkuu, jeneza likiwa mbele limefunikwa kwa shuka ya kijani, maana saa kumi alasiri alikuwa anapelekwa makaburini. Bintiye, Mwantumu, alikaa pembeni ya jeneza. Hakuwa amekula wala kusema neno tangu jana yake. Watu walikuwa wakimpa mkono na kuondoka wakinong'ona kwamba huyu naye tutamzika.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Misigalo akaingia amevaa joho la marehemu, miwani ya marehemu machoni, na miwani ya pili ya marehemu juu ya kichwa, kama marehemu mwenyewe alivyozoea kuivaa. Akatembea kwa hatua fupi fupi za marehemu, mkono mmoja kiunoni. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Akapita mbele ya masheikh na maprofesa, akasimama kwenye jeneza, akakohoa kikohozi cha Profesa Tatu.

"Watu wa pwani mnanishangaza," akasema. "Uvivu gani huu? Hata kufa mmekufa mkiwa mmelala. Na huyu mtumwa wangu nani kampa ruhusa ya kuondoka?" Akagonga jeneza mara mbili kwa kidole. "Amka wewe, kuna kipindi."

Hakuna aliyecheka, na hivyo ndivyo inavyokuwa. Kicheko cha msibani hakiji mbio, huja kikipapasa njia. Mwantumu aliinua uso. Akamtazama yule mzee ndani ya joho la mama yake, na pembe moja ya mdomo wake ikaanza kutikisika. Kondo, aliyekuwa safu ya pili, aliiona. Ilibaki kidogo tu, pengine pumzi mbili.

Taa ikageuka nyekundu.

Sauti laini kutoka darini ikatangaza kwamba kauli tatu za udhalilishaji wa kikabila zimetolewa dhidi ya watu waliofiwa, machozi yapo, kicheko hakuna. Roboti walinzi wawili wakaingia, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakamshika Mzee Misigalo kila mmoja bega lake.

Sheria ilisema aliyetajwa na kipimachuki anatolewa nje ya mji kwa siku tisini, isipokuwa baraza la watu watatu likutane hapohapo na kusikia ushahidi. Dk. Ulomi, makamu mkuu, akakaa na wenzake wawili kwenye viti vya mbele. Mwantumu akajaribu kusema. Wakamwambia kwa upole kwamba aliyetukanwa haruhusiwi kumtetea aliyemtukana, maana huenda ametishwa. Watu wazima kadhaa wakaeleza habari ya utani, na Dk. Ulomi akawajibu kwamba utani anaujua, mashine nayo inaujua, imefundishwa kwa misiba thelathini kutoka Ndala kwenyewe. Je, kuna mtu yeyote mwenye sababu ya kusema mashine ilifundishwa vibaya? Kama yupo, mzee anaachiwa sasa hivi na mazishi yanaendelea.

Mtu huyo alikuwepo. Neno moja tu kutoka kwake, na Mzee Misigalo angekwenda kumzika mtani wake wa miaka arobaini. Neno hilohilo, na Kondo angekuwa hana shahada, hana mashine, ana kesi.

Tumtendee haki: alinyoosha mkono. Aliunyoosha kabisa, lakini Dk. Ulomi alikuwa anatazama saa, ukumbi ulikuwa na vurugu, na mkono ukashuka bila mtu kuuona. Mambo kama hayo hutokea.

Mzee Misigalo hakubishana. Aliomba jambo moja, apelekwe makaburini hata kwa kushikwa hivyohivyo, atupe udongo, kisha wampeleke watakako. Baraza likasema kanuni haina kipengele hicho. Akavua joho, akalikunja vizuri, akaweka miwani zote mbili juu yake, akampa Mwantumu. Saa kumi Profesa Tatu akazikwa kwa utaratibu mzuri sana. Hakuna mtani aliyeingia kaburini kudai hatoki mpaka apewe kuku. Hakuna aliyemkatiza mtu kulia, kwa hiyo watu walilia moja kwa moja mpaka wakachoka. Mwantumu hakula mpaka siku ya tano, na siku hiyo alikula hospitalini, kwa mrija.

Kipimachuki kikapata sifa. Vyuo arobaini vikakiagiza, baadaye mahakama, baadaye kumbi za harusi na za misiba. Kondo akapata shahada ya daraja la kwanza, na cheti chake hakikuandikwa neno lolote juu ya jina. Lakini alianza kuona kitu. Alipoalikwa msibani aliwaona watani wakifika, wanakaa nyuma, wanatazama dari, wanatoa pole iliyonyooka kama barua ya ofisi, wanaondoka. Darasani wanafunzi wa idara walisoma utani kama watu wanavyosoma habari za wanyama waliotoweka. Wakamuuliza yeye, mtaalamu, ulikuwaje. Alifungua mdomo wake ule usio na likizo, akakuta hana mfano wa kutoa.

Siku tisini zikaisha. Mzee Misigalo hakurudi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, Kondo akapanda treni ya sumaku, na safari hii alifika Ndala.

Alimkuta mzee barazani kwake anachambua maharage. Njiani kote Kondo alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alijua atatumwa maji kabla hajakaa, ataitwa mtumwa mtoro, na alikuwa na majibu yake tayari. Mzee akainuka, akafuta kiti kwa kiganja, akasema, "Karibu, bwana Kondo. Habari za safari?"

Kondo akaketi. Akajaribu kuuliza kama Wanyamwezi wameshashusha mizigo au bado wako njiani kwenda Ujiji. Mzee akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia afisa wa serikali. "Mizigo tulishashusha, bwana. Zamani." Akamwagiza mjukuu wake mkubwa alete chai, na akauliza kama mgeni anatumia sukari.

Hapo Kondo akaanza kueleza. Alianza mbali, kwamba ubongo wa mashine ulikuwa na kasoro tangu kiwandani. Akaona mzee anaendelea kuchambua maharage. Akasema labda macho ya mashine hayakuwekwa sawasawa. Mzee akatupa punje mbovu. Mwishowe Kondo akasema lile lenyewe, kwamba misiba thelathini ilikuwa ya uongo, hakuna hata mtu mmoja aliyekufa.

"Hiyo naijua," alisema Mzee Misigalo. "Niliijua siku uliyoniletea. Msiba wa nne, katikati ya kilio, kuna roboti anatangaza wali umekwisha, waje wachukue ugali. Nikajiuliza, Ndala tangu lini tuna roboti wa wali? Nikampelekea Tatu akasikilize. Tulicheka mpaka akavua miwani zote mbili."

Mjukuu akaleta chai, Kondo akaikoroga.

"Tukakubaliana tukuache. Mtani akikutapeli humshtaki, unamngoja aje mwenyewe kujitapa, ndipo umdai kuku. Tulikungoja, bwana. Sisi tulidhani ni kazi ya darasani tu, hatukujua kwamba ndicho chakula unachoilisha ile mashine. Kwa hiyo hata sisi tumo. Tatu kaondoka na fungu lake. Mimi langu ninalo hapa."

Alisema bila hasira yoyote, na Kondo alitamani hasira. Alitamani atukanwe yeye, baba yake na Kisarawe nzima. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Kilichobaki cha kujitetea kilikuwa kimoja, alichokuwa amewasimulia watu wengi, na kila alipokisimulia kilizidi kuwa kweli.

"Lakini siku ile ukumbini nilinyoosha mkono, mzee. Wallahi nilinyoosha. Hawakuniona tu."

Mzee Misigalo akaweka ungo chini.

"Mimi nilikuona," alisema. "Wale roboti walikuwa wamenigeuza upande wenu, nikawa nakutazama wewe peke yako. Nikasema moyoni, mtani wangu huyo ananyanyuka. Mkono ukapanda, ukafika hapa." Akagusa sikio lake. "Dk. Ulomi akakugeukia, akakuuliza kama una la kusema. Ukajikuna shingo, bwana Kondo. Ukamwambia hapana."