Kisu Kifupi cha Ziwa Razim

Injini ilikohoa, ikatoa mlio wa kukwaruza, ikazima. Evdochia alijua sababu hata kabla hajageuka. Jarife, wavu mkubwa waliourundika ovyo shetrini nyuma ya mashua, lilikuwa limeteleza majini na kujisokota kwenye pangaboi.

"Nilikwambia ulikunje vizuri!" alifoka.

"Ukaniambia pia niharakishe, mama," alijibu mkwewe, Tiberiu.

Upepo wa kaskazini, ulioanza asubuhi kama utani, sasa ulikuwa unalifumua ziwa zima. Karibu nao kulikuwa na ukingo wa matete uliowakinga kidogo. Kusini, upande wa kijiji chao cha Jurilovca, kulikuwa na maji ya kijivu tu, mapovu juu ya mapovu. Mawimbi yalianza kumwagika ndani ya mashua.

Evdochia alikuwa mvuvi tangu ujana wake, na sasa mjane. Tiberiu alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana ya Tulcea. Meli alizijua zikiwa nchi kavu. Alimwoa Agafia, binti pekee wa Evdochia, na mama mtu hakuificha chuki yake. Leo alimchukua ziwani kwa sababu tu hakupata msaidizi mwingine.

"Kisu kikubwa kiko wapi?"

"Kilikuwa kwenye ndoo." Ndoo yenyewe haikuwepo tena.

Kilibaki kile kidogo. Tiberiu alikitengeneza kwa mikono yake na kumvisha Evdochia shingoni, gatini, alfajiri ile. Pale gatini Evdochia alikichomoa kwenye ala ya ngozi, akakigeuza geuza. Bapa halikuzidi kidole chake cha kati. Mpini wa mti wa mplamu ulikuwa mnene na mkavu, haukupakwa hata rangi.

"Hiki cha kumenyea vitunguu saumu, au cha kumkunia paka mgongo?"

"Cha kuwa nacho kila siku, mama. Kikubwa unakiweka chini. Hiki utakisahau mwilini."

Evdochia alikitumbukiza ndani ya sweta ili Agafia asinune. Kilikuwa chepesi hata kikamuudhi.

Sasa Tiberiu aliinama shetrini kulivuta jarife kwa mikono mitupu. Wimbi likainyanyua mashua, likaiachia ghafla, naye akatumbukia kichwa mbele. Alipoibuka, alipata nusu pumzi tu, kisha akavutwa chini tena. Mguu wake ulikuwa umenaswa. Kila mashua iliposhuka, jarife lilimzamisha.

Evdochia akaruka.

Baridi ilimbana kifua kama koleo. Alishuka kwa kupapasa: mkanda, paja, goti, kisha kamba zilizozama kwenye nyama ya muundi. Hakuona kitu. Alikichomoa kisu, na ule mpini mnene ukajaa kwenye kiganja chake kilichokufa ganzi kama uliopimwa hapo. Akalipitisha bapa fupi kati ya kamba na ngozi, makali yakitazama nje. Kisu kirefu kingemchana mguu. Akakata, akakata tena. Mkono ukateleza mbele, makali yakamla kidole chake cha shahada hadi mfupani. Akaendelea. Kamba ya mwisho ilipoachia, mashua ilikwenda na upepo, ikapinduka.

Walijiburuta juu ya matete, kipande cha jarife kikiwa bado kimemng'ang'ania Tiberiu mguuni. Hapo palikuwa mfano wa kisiwa, mizizi na tope vilivyoshikana na kuelea. Waliponyanyua vichwa, ukingo ulikuwa unarudi nyuma. Kisiwa kilikuwa kimekatika, na upepo ulikuwa unawapeleka ziwa wazi.

"Kidole chako, mama."

"Kisu chako hakina kizuizi. Mkono ukilowa unateleza."

"Nitakiwekea."

"Upone kwanza."

Evdochia alimfunga goti kwa kitambaa chake cha kichwa, kwani pangaboi lilikuwa limempasua. Viatu vya Tiberiu vilivyojaa maji vilikataa kuvulika. Akavichana kwa kisu kama anayepasua samaki. Kisha akaanza kukata matete, shina moja moja, maana bapa lile halikuweza zaidi. Aliyafunga mafungu kwa uzi wa jarife, wapate cha kuelea nacho. Aliona ukingo wa kisiwa ukimeguka vipande vipande, na kila kipande kilichoondoka kilimfanya akate haraka zaidi. Damu ya kidole iligandia mpinini.

Tiberiu aliacha kutetemeka. Hilo lilimtisha Evdochia kuliko mawimbi.

"Mama, nimepata joto. Nilale kidogo."

Akamzaba kofi. "Lala uone! Agafia nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie... nilikunja jarife."

"Siwezi kumdanganya mwanangu. Kata uzi huu. Shika!"

Alimkabidhi kisu. Vidole vya Tiberiu havikuweza kufunga ngumi, lakini alijaribu, na kwa kujaribu akabaki macho. Kisiwa kikapasuka katikati. Wakajilaza kifudifudi juu ya furushi la matete, Evdochia akiwa amejifunga naye mkono kwa mkono. Maji yaliwapitia juu ya migongo. Aliomba kwa lugha ya bibi zake mpaka sauti ikamkauka.

Jua lilikuwa linainama mguu wa Evdochia ulipogusa tope. Alidhani ni ndoto. Akasimama, maji yakiwa kifuani, akalivuta furushi na mtu wake. Alianguka, akavuta kwa magoti. Mbwa walibweka juu ya kilima, na mchungaji mmoja akashuka mbio, koti lake la ngozi ya kondoo likipepea.

Kibandani, mchungaji yule, Neagu, aliwafunika na kuchochea moto. Chai aliyochemsha aliitia kwenye kikombe pekee alichokuwa nacho. Tiberiu alikunywa kwanza, meno yakigonga bati. Meno yale yalikuwa yameanza kugongana tena, na Evdochia alishukuru kwa kila mgongano.

Kwa watu wa imani ya Evdochia, mtu wa nje huwekewa kikombe chake, na hakuna wa nyumbani anayekigusa. Tangu harusi, Tiberiu alikuwa akinywea kikombe chake pembeni, chenye ufa.

Neagu, aliyeijua desturi ya wazee wa Jurilovca, alisita. "Mama, ngoja nikisuuze kwanza."

"Ya nini?" alisema Evdochia. Akakipokea kikombe kutoka mkononi mwa mkwewe, akakigeuza mpaka pale midomo ya Tiberiu ilipogusa, akanywa.

"Sogea motoni, mwanangu," alisema. "Unatetemeka."