Bia ya Harusi na Maji ya Bomba

Jumamosi ikifika, Oldrich anapika bia. Sisi wengine hapa Moravia, nchi ya mizabibu, ni watu wa mvinyo, lakini jikoni kwake hatukosi. Huyu anatafuna kimea, yule anachota habari za mtaa.

Mwaka ule bintiye Jitka alikuwa anaolewa na kijana wa Alois, mtengeneza mvinyo. Alois alitangaza kwamba mvinyo utatoka kwake. Oldrich naye akaahidi bia ya mkono wake mwenyewe, na ahadi ikasikika mpaka kanisani. Tatizo, bia yake ilikuwa imeanza kuharibika.

"Inanuka plasta ya kidonda," alisema Zdena, mkewe. "Tununue ya dukani, baba Jitka."

"Alois anicheke mpaka kaburini?"

"Atakucheka zaidi akiinywa hii."

Oldrich alibadilisha kimea. Akabadilisha hamira. Akasugua sufuria mpaka zikang'aa. Kitu kimoja hakukiwazia: alikuwa ameacha kisima cha babu yake na kuhamia maji ya bomba.

Siku moja jirani yao Milada, mfanyakazi wa idara ya maji, alipita kuulizia gauni la bibi harusi. Akapewa glasi. Akanusa, akacheka.

"Harufu hii naijua. Klorini. Sisi ndio tunaoitia."

"Mnatutilia sumu?"

"Sumu wapi, shemeji? Inaua vijidudu, ndiyo maana hamuumwi matumbo. Kwa kunywa haina neno. Ila ikikutana na kimea na hamira, inazaa harufu ya hospitali."

"Mbona maji yenyewe hayanuki?"

"Kidogo tu kinatosha kuharibu bia."

Oldrich akakuna kichwa. "Lakini mimi huyaacha ndooni usiku kucha, kama babu."

"Na mfuniko?"

Oldrich akamgeukia mkewe.

"Nafunika," Zdena alisema. "Mlitaka nzi waogelee?"

"Basi klorini itatoka kupitia wapi?" Milada aliuliza. "Inapaa hewani. Tandika kitambaa chepesi tu. Au yachemshe kwanza, yapoe. Ukitaka njia ya haraka, nenda kwa Alois."

"Kwa nani?"

"Alois. Vile vidonge vya salfaiti anavyotia kwenye mvinyo usiharibike, vinaimaliza klorini. Kwa sufuria yako ile kubwa, ponda nusu kidonge, koroga kwenye maji, subiri dakika chache. Ndipo utie kimea. Usizidishe."

Kwa Oldrich, kumwomba Alois kulikuwa kama kumeza mwiba. Lakini hamu ya kujua ilimshinda. Akaenda.

"Kumbe bia haisimami bila sisi wa mvinyo," Alois alisema, akimpa vidonge.

Oldrich akameza na hilo. Akapika sufuria mbili: moja kwa maji ya bomba hivihivi, moja kwa maji yaliyotiwa kidonge. Kimea kilekile, hamira ileile. Bia zilipoiva, tulijaa jikoni kuonja. Ya kwanza, plasta. Ya pili, harufu ya mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Zdena alirudia kuionja, kisha akasema ile ya dukani tena basi.

Siku ya harusi, Alois alipewa kikombe mbele ya watu wote. Alois akanywa, akaangalia povu, akanywa tena. Kisha akasogeza pembeni glasi ya mvinyo wake mwenyewe.

"Nijazie tena, mkwe," alisema. "Bado navichunguza vidonge vyangu."