Beji ya Kendra Pruss

Sanduku la chuma lilikutwa wazi saa nane kasorobo mchana, nyuma ya pazia la jukwaa, katika ukumbi wa michezo wa shule. Kufuli halikuvunjwa. Lilikuwa likining'inia, na ufunguo wake ndani.

Waliolikuta walikuwa watu hamsini na wawili waliorudi kutoka uwanjani kupiga picha ya pamoja: darasa lililohitimu mwaka tisini na tisa, mji wa Orvel, jimbo la Nebraska. Miaka ishirini na mitano iliyopita kila mmoja wao alitia ndani ya sanduku hilo barua aliyojiandikia mwenyewe. Saa kumi zilikuwa zisomwe kwenye kipaza sauti. Walio hai wangesoma zao. Za marehemu angezisoma aliyekuwa kiranja wao, Trent Osterloh.

Barua moja haikuwamo. Ya marehemu Kendra Pruss.

"Ufunguo ni mmoja tu," Trent alisema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Na anao Janelle."

Macho yote yakamgeukia Janelle Kolar, katibu wa kamati. Mwanamke mmoja nyuma akaguna. "Hata shuleni yeye na Kendra hawakupatana."

Inspekta Emmett Kolar aliweka chini sahani yake ya jeli ya kijani yenye karoti. Wiki sita alikuwa kazini bila siku moja ya kupumzika. Alikubali kuja hapa kwa sababu moja: alitaka kukaa mahali pasipo na maiti. Tangu asubuhi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Beji iliyobandikwa kifuani mwake ilisema "Mume wa Janelle", basi.

"Shemeji," Trent alimwita, "si ndiyo kazi yako hii? Au ya mke hailipi?"

"Huyu ningemkamata zamani kwa mapishi yake," Emmett alijibu. "Shukeni jukwaani nyote. Hapo ni eneo la tukio."

Wachache walicheka. Janelle hakucheka. Miaka miwili alikuwa ameandaa siku hii, na sasa wenzake walikuwa wanamwangalia kama mwizi wa kuku. Emmett alimvuta kando.

"Mara ya mwisho sanduku lilifungwa lini?"

"Saa saba u nusu. Nililifunga mimi, Trent akiwa pembeni. Tukatoka kupiga picha."

"Ufunguo?"

"Kwenye mkoba."

"Mkoba ulikuwa wapi?"

Janelle alimtazama mumewe. "Emmett. Mkoba nilikuachia wewe."

Uso wa inspekta ukapata joto. Ni kweli. Kila darasa linapotoka kwenda kupiga picha, wake na waume walioletwa hubaki ndani na mikoba magotini, kama makoti yaliyotundikwa. Naye alibaki, na mkoba magotini.

"Nilikwenda kuchukua kahawa," alisema.

"Na mkoba?"

"Niliuacha kitini. Dakika tano tu."

"Wewe! Unayenikaripia nisipofunga gari!"

"Nimechoka, Janelle."

"Na mimi je? Wananiona mwizi!"

Emmett alimgeukia Trent na kumwomba simu iliyopigiwa ile picha. Alihesabu nyuso kwa ncha ya kidole. Hamsini na wawili. Janelle alikuwa safu ya mbele, akifumba macho kwa jua.

"Mlitoka pamoja na kurudi pamoja?"

"Pamoja. Hakuna aliyechomoka."

"Basi hakuna mwanadarasa aliyefungua sanduku. Na mke wangu mtoe kinywani mwako."

Trent alikunja uso. "Waliobaki ni wageni tu. Mgeni ana shida gani na barua ya Kendra? Hakuna hata mmoja anayemjua."

Hilo lilikuwa swali zuri, na Emmett aliuchukia uzuri wake. Alikwenda mlangoni, kwenye meza ya beji. Kila mwanadarasa alikuwa na beji yenye jina lake la shule na picha yake ya ujana. Beji za wasiofika zilikuwa bado zimepangwa mezani.

"Ulichapisha ngapi?"

"Sitini na moja," Janelle alisema.

"Wamefika hamsini na wawili. Zinatakiwa kubaki tisa." Alihesabu mara mbili. "Ziko nane."

Janelle alipitia orodha, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Ya Kendra! Nilichapisha mwezi wa nne. Habari ya kifo chake ilitufikia mwezi wa sita. Picha yake nikaiweka kwenye meza ya marehemu, lakini beji nilisahau kuiondoa."

"Kuna mtu ameichukua."

"Beji ya mtu aliyekufa ataichukua nani?"

Emmett alivuka ukumbi hadi meza ya wageni, karibu na jiko. Walikuwa kumi na wawili, wamekaa kwenye viti vya kukunja mbele ya saladi ya maharage.

"Samahani, mabibi na mabwana. Naomba kila mmoja aende akasimame na aliyemleta."

"Ni mchezo?" mwanamume mmoja mnene aliuliza.

"Ndiyo. Mchezo wangu."

Viti vikakwaruza sakafu. Mmoja baada ya mwingine walikwenda kusimama karibu na wake zao na waume zao. Kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa jirani wa Emmett pale mezani, mtu mrefu mwenye mikono ya fundi. Kwa muda wa saa mbili walikuwa wamekaa bega kwa bega wakizungumzia mvua. Beji yake iliandikwa kwa kalamu, neno moja tu: "Dwight".

Dwight alisimama kwa uzito. Alipita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akafika dirishani, penye meza ya marehemu, na kusimama kando ya picha ya Kendra.

Emmett alimfuata.

"Jina lako kamili?" Emmett aliuliza.

"Dwight Sedlak. Fundi mabomba. Natoka jimbo la Wyoming."

"Kendra alikuwa nani kwako?"

"Mke wangu. Miaka kumi na tisa."

"Ni wewe uliyefungua sanduku?"

"Ni mimi. Nilimwona mkeo akiutia ufunguo mkobani, nikangoja ulipokwenda kuchukua kahawa." Alitoa mfukoni bahasha ya manjano, na beji. Msichana wa miaka kumi na minane alicheka kwenye picha. "Nilipoingia nikaona jina lake limepangwa na ya walio hai. Sikuweza kuiacha beji hii pale."

"Na barua? Kwa nini hukuomba?"

"Ningeomba kwa maneno gani?" Dwight alimwonyesha Trent kwa kidevu. "Huyu alikuwa mchumba wake. Picha zao za dansi ya shule ziko nyumbani kwangu, nimezifuta vumbi mwenyewe. Kila nilipomuuliza aliandika nini katika barua hii, alicheka tu. Halafu nafika hapa, nasoma ratiba: barua za marehemu zitasomwa na Trent Osterloh. Nikae pale na sahani, nimsikie mke wangu akimtaka mtu mwingine, tena kwa kinywa cha mtu huyo huyo? Nimemzika majuzi tu. Sina nguvu ya kumzika mara ya pili."

Emmett aliigeuza bahasha. Gundi haikuguswa. "Hukuisoma."

"Niliogopa."

"Mtie pingu basi, shemeji," Trent alisema, lakini ukali ulikuwa umemtoka.

"Kwa kosa gani? Barua ni ya marehemu, na mrithi wake ndiye huyu. Kosa pekee ni kupekua mkoba, na mlalamikaji yuko hapa."

Janelle alitikisa kichwa. "Sina malalamiko."

Inspekta alimrudishia Dwight bahasha. "Uichome, uizike, ni shauri lako. Lakini usiishi nayo ikiwa imefungwa. Nimeona watu waliofanya hivyo."

Dwight alichana ukingo kwa kidole gumba. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Aliisoma kimya, mabega yakaanza kutetemeka, na watu wakainamisha vichwa. Kumbe alikuwa anacheka.

"Mpendwa Kendra," alisoma kwa sauti, machozi yakimfikia kidevuni. "Mwalimu ametulazimisha kuandika. Nina njaa. Natumaini huko uliko unakula vizuri." Alijifuta kwa mkono wa shati. "Ndiye. Ndiye kabisa. Hata kitandani hospitalini, neno lake la mwisho lilikuwa kuulizia supu."

Trent akakinyanyua kipaza sauti na kumpelekea Dwight. "Saa kumi usome wewe, bwana. Na beji yake ivae."

Emmett alirudi kwenye kiti chake cha kukunja. Janelle alikaa karibu naye, na wenzake waliomgunia wakaanza kumletea keki.

"Nisamehe kwa mkoba," Emmett alisema.

"Nitafikiria."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasorobo.

"Na wewe," Emmett aliuliza bila kumtazama, "uliandika nini?"

"Utasikia saa kumi. Unaogopa?"

"Nimechoka tu."

Lakini mkoba wa mkewe aliushika kwa mikono miwili.