Damu Iliyofunzwa Vita

Siku ya tatu baada ya upasuaji, asubuhi, muuguzi alikuta mfuko wa mkojo wa mgonjwa mkavu. Figo aliyopewa na kaka yake ilikuwa imegoma. Kabla ya saa nne mumewe alikuwa kituo cha polisi, shati kalivaa ndani nje, akipiga kelele kwamba mkewe kalishwa sumu.

"Na aliyemlisha ni dada yangu wa tumbo moja!"

Mawifi hao kweli hawakupikika chungu kimoja, mtaa mzima ulijua. Inspekta, mama asiyependa kelele, akaenda hospitali. Wifi mtu alikuwa kwenye benchi la korido, macho yamevimba.

"Ulimpa nini?"

"Supu, na mimi nikainywa. Tuligombana, afande, sikatai. Lakini nimuue? Nipate nini mie?"

Supu ilipimwa, ikawa safi. Vidonge vyake vya kuzuia mwili kuikataa figo navyo vilikuwa halisi, na katika damu vilionekana vya kutosha. Inspekta akamgeukia daktari.

"Sasa nani anaiua hiyo figo?"

"Mwili wake mwenyewe. Kila mwili una askari wanaotambua nyama ya mgeni. Dawa huwatuliza. Hawa wamegoma kutulia, maana walifunzwa vita kabla hajapasuliwa. Mwezi uliopita tulichanganya damu yake na chembe za kaka yake, hawakushtuka. Leo wanazirarua."

"Kawafunza nani?"

"Huwa ni mimba, au kuongezewa damu. Hana hata kimoja. Labda bakteria. Wapo wenye protini zinazofanana na alama za nyama ya binadamu. Askari akishazoea kumpiga bakteria huyo, akikutana na figo anaona adui yuleyule. Lakini hakuugua. Nikamuuliza mumewe kama alichomwa sindano yoyote, akasema hapana. Afande, nikijua chanzo leo naweza kuichuja damu na kujaribu. Nikichelewa, naitoa."

Inspekta akainama kitandani. "Mwanangu, nani alikuchoma sindano nje ya hospitali?"

Midomo ya mgonjwa ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Mume wangu, za nguvu. Ana mkono mwepesi, anawachoma sungura sindano kila siku kazini."

Mume alikutwa mlangoni mwa wodi. Dada yake yuko palepale.

"Unawachoma nini hao sungura?"

Mume akageuka aondoke, Inspekta akamzuia.

"Baba, mkeo anakufa. Sema!"

"Bakteria wa koo. Waliokufa, afande, waliokufa! Damu ya sungura inatengeneza kinga, tunaivuna kwa ajili ya vipimo. Sisi wenyewe maabara tunajichoma kidogo kila msimu wa baridi, mkubwa wetu ndiye aliyeanza, na hatukohoi. Nilisikia mgonjwa wa figo akipata maambukizi, kwisha habari yake. Nikataka aingie kupasuliwa akiwa na kinga."

"Lini?"

"Baada ya kile kipimo cha damu."

"Daktari alipokuuliza?"

"Niliogopa! Ningemwambia nini shemeji, kwamba figo aliyokatwa ubavuni nimeiua mimi?"

"Ukaona bora unifunge mimi," dada yake alisema, akalia upya.

Inspekta alikuwa ameshakimbilia kwa daktari. Mashine ikaletwa, damu ikachujwa mchana kutwa. Kaka mtu, bado ana nyuzi ubavuni, alikuwa akiuliza kutoka chumba cha pili, "Imeamka? Jamani, imeamka?" Jioni figo ikatolewa, imekuwa nyeusi.

Mume akapiga magoti sakafuni. "Nitoeni yangu. Zote mbili, chukueni!"

"Nimejaribu chembe zako," daktari alisema taratibu. "Na za dada yako, na za mama mkwe wako, na za wote waliojitolea. Damu yake sasa inapigana na kila mtu. Wale bakteria walifanana na sisi sote kidogo kidogo."

Inspekta alikuwa ameshatoa pingu. Mgonjwa akafumbua macho, akamwita mumewe kwa kidole. Yule bwana akamsogelea.

"Ulitaka kunikinga?"

"Ndiyo, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Umenikinga," alisema. "Hata kaka yangu sasa hawezi kunifikia."