Vitambaa vya Viti vya Osundwa

Soko la Kakamega lilikuwa limejaa. Mildred alikaa nyuma ya vitambaa vyake vya kufuma, leso nyeusi kichwani, mwanawe Ashley akisinzia mapajani. Tangu amzike mumewe, hata chai haikuwa na ladha. Alimshukuru Mungu asubuhi na jioni, lakini kwa mdomo tu.

"Mama, hivi vyeupe ni vya harusi?"

Mwanaume mrefu, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, alikuwa ameinama mbele yake.

"Ni vya viti. Uko na viti?"

"Viti niko navyo. Mtu wa kukalia ndiye sina."

Mildred hakucheka, akamuuzia vyeupe vyote na kumpa namba yake ya simu. Lakini jioni, akifunga mzigo, aliyakumbuka maneno hayo.

Mtu huyo aliitwa Osundwa, mwalimu wa kuchomelea vyuma kwenye chuo cha ufundi kule Sigalagala. Akaanza kupiga simu.

"Mama Ashley, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Basi hujakula. Jumapili mje kwangu, nichinje ingokho, kuku wa kienyeji."

Walienda baada ya ibada. Vitambaa vilipendeza juu ya viti, na Ashley alilala hapo, shavu likizama kwenye sponji. Wakati wa kuondoka Mildred alivibeba vitambaa akavifue.

Kesho yake kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi. Mildred alipotumbukiza vitambaa kwenye maji moto, maji yaligeuka manjano, harufu ya sigara ikampanda puani. Aliijua. Marehemu alikuwa akiificha kwa maganda ya chungwa, mpaka mapafu yakamwisha.

Akapiga simu. "Osundwa, unavuta sigara."

"Mimi? Haki ya Mungu, sijawahi!"

"Hata marehemu alikuwa anaapa hivyo."

Akakata. Alingoja machozi, hayakuja. Akambeba mtoto mgongoni, akaenda hospitali.

"Nani anavuta nyumbani?" daktari aliuliza.

"Hakuna. Lakini jana alilala kwa kiti cha mtu."

"Moshi ukiisha, mama, uchafu wake unabaki. Unashika sponji, pazia, ukuta, hata kwa miezi. Mtoto mwenye kifua kama hiki akilaza uso hapo, anaumia. Na mwenye nyumba anaweza kuwa hajawahi kuvuta."

Mildred alisimama getini na dawa mkononi, akapiga tena.

"Viti ulinunua wapi?"

Osundwa alishusha sauti.

"Kwa baa moja iliyofungwa huko Mayoni. Nilifunika na vitambaa vyako usijue viti vimetoka kwa walevi. Wewe ni mtu wa kanisa, mpenzi. Niliona aibu."

"Mtoto wangu amelala juu ya hiyo aibu yako."

Jumamosi alienda peke yake. Alimkuta Osundwa uani, mikono imejaa povu. Kuta zilikuwa zimesuguliwa, pazia limetolewa. Viti vilikuwa vimechanwa, sponji zote zimetupwa, zimebaki mbao.

"Karibu. Ila sasa hata pa kukaa hakuna."

Mildred alikaa juu ya mbao tupu. Zilimuuma. Akashangaa kuhisi kitu, akacheka kidogo.

"Nunua sponji mpya. Nitafuma vitambaa vingine, mimi na Ashley tuvilete."

Osundwa alipangusa povu kwa suruali. "Na jioni niwarudishe?"

"Ongea na pasta kwanza," Mildred alisema. "Tukivileta, haturudi."